Mkaa Ulioiva

Nailoni niliifunga mimi. Nalisema mapema ili mtu asipoteze muda wake kutafuta mwenye kosa. Niliikata mimi, nikaitandaza juu ya nguzo mimi, nikafukia pindo zake kwa udongo na kuzikanyaga kwa mabuti mpaka hata siafu asingepata pa kupenya. Nilijisifu kabisa. Na kesho yake alfajiri, ndani ya nailoni hiyo, alikuwemo mama mkwe wangu.

Tuna kitalu cha miche ya matunda nyuma ya nyumba. Si kikubwa: vichanja vinane vya miche kwenye vifuko vyeusi, kibanda cha zana, pipa la maji, na katikati mchenza mmoja tunaouita Jalala. Uliota wenyewe kwenye lundo la maganda na majivu. Mama mkwe alipanga kuung'oa, akachelewa, ukazaa. Machenza yake yalikuwa matamu kiasi kwamba watu walikula barabarani wakarudi kuuliza. Basi ukawa mti mama wetu. Tunaupogoa ubaki kimo cha mtu, na macho yake, yaani vichipukizi vidogo vilivyolala kwenye gome, tunayabebesha kwenye miche ya malimau. Unachana gome la mche, unachomeka jicho, unafunga kwa utepe wa nailoni, unamwachia Mungu. Ni kazi ya kisu kidogo na mkono usiotetemeka.

Mkono huo kwetu ni wa mama mkwe. Wateja wanamwita Bi Kisu. Ana miaka sabini na kitu, na hicho kitu hakisemi. Ana pumu ya tangu ujana na ulimi unaokata kuliko kisu chenyewe. Mimi nina stashahada ya kilimo cha bustani, cheti kiko ukutani sebuleni. Tangu siku niliyoingia nyumba ile ananiita Msomi, na si kwa heshima.

Kuna jambo moja ambalo Bi Kisu hajawahi kulikosea. Hajawahi kuacha shikamoo ya mtu ianguke chini. Akiwa amekasirika, ataitikia kisha aendelee kununa. Akiwa amelala, ataitikia macho yamefumba. Mwaka juzi pumu ilimbana mpaka midomo ikabadilika rangi, nesi akaingia na shikamoo yake, na bibi akaitafutia marahaba pumzi ambayo hata ya kuishi hakuwa nayo. "Shikamoo isiyoitikiwa," husema, "ni mtoto aliyeachwa mlangoni."

Binti yangu wa miaka tisa, ambaye kwa mdomo wake tumempa jina la Chiriku, anaijua tabia hiyo na anaichezea. Atapita mbele ya bibi yake mara kumi kwa siku.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba, mke mwenzangu. Na miguu hiyo ndiyo unataka kupanda nayo kitandani kwetu?"

Wanalala kitanda kimoja. Kila mmoja anasema mwenzake anakoroma.

Baridi ilianza Jumatatu. Sisi ni watu wa jua. Baridi kwetu ni kuvaa sweta asubuhi na kulivua saa nne. Jumatatu ile Chiriku aliingia jikoni ameshika kipande cha barafu cha duara, amekitoa juu ya ndoo, ananiambia, "Mama, maji yamevunjika!" Nilicheka. Jumanne sikucheka. Matembele ya jirani yalikuwa meusi, yamelala chini kama matambara yaliyochovywa kwenye oili chafu. Mipapai imeinamisha vichwa. Kufika mchana mtaa mzima ulinuka majani yaliyooza, na watu walisimama kwenye nyua zao hawajui washike nini.

Jumatano mchana redio ikasema usiku unaokuja ndio mbaya zaidi. Mbingu nyeupe, hakuna upepo, nyuzi tatu chini ya sifuri. Nilikuwa nimeshasoma hayo chuoni, ukurasa mmoja tu, tukaambiwa turuke kwa kuwa huku hayatokei.

Mimi sikuogopea miche. Tangu Jumatatu kifua cha Bi Kisu kilikuwa kinapiga mluzi, mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka. Daktari wa zahanati alikuwa ameshatuonya: huyu baridi kali isimguse, na asitoke nje kabla jua halijapanda. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na alikuwa safarini, alinipigia simu mchana huo.

"Mti utaota mwingine," akasema. "Mama haoti mwingine. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Asitoke nje."

"Hatatoka."

Hayo niliyasema kwa mdomo wangu.

Nikaingia kazini. Kwanza nilimwagilia ardhi yote, maana udongo wenye maji hutunza joto la mchana kuliko mkavu. Nikavisogeza vichanja vyote karibu na Jalala. Nikasimika nguzo kumi, nikafunga fito juu, nikavuta nailoni mara mbili, huku nikiangalia isiguse jani hata moja, kwa sababu jani linalogusana na nailoni ndilo la kwanza kuungua. Yote ilibidi yaishe kabla jua halijazama.

Bi Kisu alisimama kwenye mlango wa nyuma, amejifunga kanga tatu, blanketi moja, na juu ya vyote koti la mume wangu.

"Msomi! Mti unaujengea nyumba, na jiko langu linavuja tangu masika?"

"Mama, rudi ndani."

"Niko ndani. Miguu iko ndani. Iliyoko nje ni pua tu."

"Pua hiyo ndiyo nisiyoitaka nje."

Akakohoa, akajifuta, akabaki pale pale. "Mimi leo nitalala na Jalala."

"Hutalala."

"Baba Chiriku alipougua surua nililala sakafuni siku tisa. Leo nisilale na mti wangu?"

"Mti hauna pumu, mama."

"Na wewe huna adabu."

Tukabishana hivyo, mimi napigilia misumari, yeye anapiga mluzi. Nilijua akiamua jambo hang'oki. Mwisho akashuka bei: kama yeye halali huko, basi jiko lilale. Mti usiotiwa moto leo ni kuni kesho, alisema. Nilisita. Chuoni tulifundishwa kwamba moshi huchoma majani.

"Nani kakwambia utie moshi?" akaniuliza. "Washia nje. Uache uive. Mkaa ulioiva hauna moshi, na usio na moshi hauna neno. Ulipojifungua huyu Chiriku, jiko lilikaa chini ya kitanda chako siku ngapi? Ulikufa?"

Sikufa. Aliniweka jiko yeye mwenyewe, akalea mtoto na mama kwa joto lile. Kila mtu ninayemjua amelelewa hivyo. Ila chumba kile kilikuwa na dirisha la mbao lenye nyufa za kupitisha kidole, na bati lililoachana na ukuta. Hilo sikuliwaza. Niliwaza moshi tu.

Nikawasha majiko mawili nje. Nikasubiri mpaka moshi ukaisha kabisa na makaa yakawa mekundu, mazuri, kama maua. Nikayaingiza, nikayaweka juu ya matofali, nikayafunika majivu kidogo ili yadumu. Nikatoka, nikafunga mlango wa nailoni kwa kamba ya katani. Nikazunguka nje nikiziba kila tundu kwa udongo. Jua lilipozama banda zima lilibaki linang'aa ndani kwa wekundu kama taa ya chemli, na nilisimama mikono kiunoni nikasema moyoni, cheti cha watu hakikupotea bure.

Wakati wa chakula Bi Kisu alinitazama akasema, "Umefanya kazi nzuri, Msomi."

Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Mtu asiyekusifu kwa miaka kumi na moja akikusifu, jiulize anataka nini. Nilifunga mlango wa nyuma, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga yangu. Mlango wa mbele una komeo tu. Nilichoka. Nikalala.

Niliamshwa na mkono mdogo uliogusa mguu wangu. Nje kulikuwa hakujapambazuka vizuri, dirisha lilikuwa la kijivu.

"Mama," Chiriku akanong'ona. Huyu mtoto hanong'oni kamwe. "Upande wa bibi umepoa."

"Umepoa nini?"

"Kitanda. Nimegusa. Upande wake umepoa."

Sikuvaa viatu. Komeo la mlango wa mbele lilikuwa limefunguliwa, mlango umerudishiwa taratibu, kama afanyavyo mtu asiyetaka kuamsha watoto. Nilizunguka nyumba mbio. Nyasi zilikuwa nyeupe zote na zilivunjika chini ya nyayo zangu kama maganda ya mayai. Kulikuwa na nyayo nyingine mbele yangu, lakini hizo zilikuwa zimeshafunikwa na weupe. Zilikuwa za zamani. Zilielekea kitaluni na hazikurudi.

"Mama!" niliita. "Mama, toka humo!"

Banda lilikuwa kimya. Nailoni kwa ndani ilijaa matone, huoni kitu, ila wekundu mmoja chini na kitu cheusi katikati. Nikashika mlango. Kamba yangu ya katani ilikuwa imefunguliwa, inaning'inia. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Alikuwa ameufunga kwa tepe zake za kubebeshea, kutoka chini kwenda juu, kila mzunguko ukilalia mwenzake, kama anavyofunga jicho kwenye mche ili hewa isipite. Hewa isipite! Yule bibi alikuwa amekamilisha kazi niliyoianza mimi.

Nilivuta. Vidole vyangu havikuwa na hisia yoyote. Nilijaribu kwa meno, nailoni mara mbili haing'atiki. Nikakimbilia kibandani, nikagonga goti kwenye pipa, nikarudi na jembe. Pigo la kwanza liliteleza. La pili likapasua. Nikatanua tundu, na joto likanipiga usoni, zito, lisilo na harufu yoyote.

Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo ameuegemeza kwenye shina la Jalala, blanketi mabegani, kisu chake mapajani. Kichwa kimelala upande. Na nitasema ukweli ambao mpaka leo unaniamsha: nilifurahi. Alikuwa ametulia. Uso wake ulikuwa laini, midomo ina wekundu ambao sikuuona wiki nzima. Na ule mluzi wa kifua haukuwepo. Umekwisha. Nikafikiri joto limemponya. Nikafikiri, bibi mbishi huyu alikuwa sahihi, na mimi nimekuja kumwingizia baridi. Nikashika kingo mbili za nailoni niliyoipasua, nikazirudisha pamoja kwa mikono yangu.

"Amelala," nikamwambia Chiriku, aliyekuwa amenifuata na blanketi kichwani. "Tusimwamshe."

Chiriku akainamisha kichwa chini ya kwapa langu, akachungulia kwenye upenyo uliobaki.

"Shikamoo bibi," akasema.

Tukangoja.

"Shikamoo bibi," akarudia, kwa sauti ya juu.

Matone yalidondoka kutoka kwenye nailoni. Jani moja la Jalala lilitikisika. Hakuna kilichojibu.

"Mama," Chiriku akasema, na sauti yake ikapanda mpaka ikakatika, "bibi hajaitikia."

Mwili wangu ulielewa kabla ya akili. "Kimbia kwa Fundi Cheche! Mwambie aje na pikapu! Kimbia!"

Nikaingia. Hatua ya tatu magoti yalilegea kama ya mlevi, na kichwa kikaanza kugonga, pu, pu, kama mtu anatwanga ndani ya fuvu. Kumbe hewa ilikuwa inanitwanga na mimi. Nikamshika Bi Kisu kwapani. Mwanamke mwepesi yule, mifupa na matusi tu, lakini asubuhi ile alikuwa mzito kama gunia la udongo mbichi. Nikambwaga kwenye blanketi lake, nikaliburuta. Nilipindua kichanja, miche ikamwagika, nikaikanyaga. Nilitoka kinyumenyume kupitia tundu la jembe, nikaanguka kwenye nyasi zile nyeupe naye kifuani pangu.

Nilikuwa nimeahidi hatatoka nje. Sasa nje ndiyo ilikuwa dawa. Nikamlaza ubavu, uso kwenye hewa ya barafu, nikamfungua kanga zote tatu shingoni, nikamwita majina yake yote, hata Bi Kisu, ambalo sijawahi kumwita usoni. Nikaweka kiganja mbele ya pua yake. Hakuna. Hakuna. Kisha kitu kidogo, kama mtu aliyekata tamaa anapuliza mshumaa. Kisha hakuna tena.

Fundi Cheche ni jirani yetu, mchomeleaji wa vyuma, mtu wa mzaha kutwa nzima. Alikuja na suruali ya kulalia na koti la kazi, na hakufanya mzaha.

"Umeweka jiko humo?"

"Mawili."

"Banda limezibwa?"

"Nimeziba mimi."

"Shemeji!" alisema, na uso wake ulinitisha kuliko maneno. "Mdogo wangu alikufa hivi hivi, jenereta ndani ya karakana, mlango umefungwa kwa ajili ya mvua. Tulidhani amelala. Mshike miguu. Na wewe usirudi humo ndani kwa lolote, hata nyumba ikiungua."

Tulimpakia nyuma ya pikapu, nikakaa naye, Chiriku mbele. Barabara nzima kiganja changu kilikuwa mbele ya pua yake. Nilihesabu kati ya pumzi na pumzi. Nne. Sita. Tano. Tisa. Kwenye tuta la barabarani nilipoteza hesabu, na nilipiga kelele kwa sababu tu ya kupoteza hesabu.

Zahanati walikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni, na ulikuwa na kitu ndani. Namshukuru Mungu kwa mtungi ule kila siku. Daktari, binti mdogo kwangu, alimvika kifuniko usoni, akafungua mpaka mwisho, ndipo akanigeukia.

"Mkaa?"

"Ulikuwa umeiva," nikasema. Nilisema kama mtu anayejitetea polisi. "Nilisubiri moshi uishe wote."

"Moshi ni mbwa, mama. Anabweka, unatoka. Mkaa ukiiva mbwa ameondoka, mwizi amebaki." Akanitazama macho. "Mwenye kukwambia hauna neno ni nani?"

"Kila mtu," nikasema.

Akaniweka na mimi kwenye kiti, akanikataza kusimama. Nilimpigia mume wangu. Nikamweleza yote yalivyo, sikupunguza. Nikasikia injini ya lori ikizimwa.

"Nani alifunga hiyo nailoni?"

"Mimi."

"Nakuja," akasema.

Saa sita mchana Bi Kisu akafumbua macho. Alituangalia kama watu wa kwenye picha. Chiriku akaruka kutoka kwenye benchi. "Shikamoo bibi!" Macho ya bibi yakamtazama, yakapita, yakaenda dirishani.

"Ubongo umekosa hewa kwa muda," daktari alisema pembeni. "Anaweza kurudi. Siku kadhaa, wiki kadhaa. Anaweza asirudi wote. Siwezi kukudanganya."

Tukamrudisha nyumbani siku ya tatu. Alikula alipolishwa, alitembea aliposhikwa mkono. Hakusema neno. Kila asubuhi Chiriku alimwamkia, na kila asubuhi ile shikamoo ilianguka chini, na siku ya nane Chiriku akaacha. Akaacha na mengine pia. Hakuna aliyewahi kufikiri nyumba ile itanyamaza.

Mimi sikumwamkia hata mara moja. Nilimwambia umeamkaje, umelalaje, unataka uji. Hayo ni maswali, mtu mzima anaweza kupuuza swali. Lakini shikamoo yangu mimi sikuthubutu. Asipoitikia ya mtoto nitasema hakusikia vizuri. Asipoitikia yangu, nikiwa mbele yake, macho kwa macho, basi mwenyewe hayupo tena, na nitakuwa nimeishi na mwili wake na nailoni yangu. Nilifua nguo zake, nikamkata kucha, nikamsuka nywele, na salamu nikaimeza kila siku.

Usiku nilikuwa naamka kuweka kiganja mbele ya pua yake. Mume wangu aliniona. Hakunilaumu hata neno moja, na hilo lilikuwa gumu kuliko kulaumiwa.

Kitalu kilikufa. Baridi iliingilia tundu la jembe saa ile mbaya zaidi, kabla ya jua. Miche yote iliyobebeshwa ilikauka. Jalala lilibaki limevaa majani ya kahawia yaliyojikunja kama tumbaku. Mume wangu alitaka kulikata aondoe uchuro. Nilimkatalia. Mti ulioungua na baridi haukatwi kwa haraka. Unauacha, usubiri, mpaka uonekane wenyewe umekufa kufikia wapi.

Baridi ilikwisha ilivyokuja, kama mgeni asiyeaga. Siku ya kumi na nne jua lilikuwa letu tena. Nilimtoa Bi Kisu nje, nikamkalisha kwenye kiti karibu na Jalala, nikausogelea mti. Unaangalia uhai wa mti kwa ukucha: unakwaruza gome kidogo. Ukikuta kijani, upo. Ukikuta kahawia, hapo pamekufa.

Nikakwaruza tawi la juu. Kahawia. La pili. Kahawia. Nikashuka kwenye panda. Kahawia, kavu, linatoa vumbi. Nikakwaruza shina kifuani pangu, kiunoni, kahawia, kahawia, na ghafla sikuwa nakwaruza mti tena. Nilikuwa namkwaruza yeye. Nilijua kwamba nikiondoka pale bila kuuliza sitauliza milele.

Sikugeuka. Niliongea na shina.

"Shikamoo mama," nikasema.

Kunguru alilia juu ya bati. Kwa Fundi Cheche nyundo iligonga chuma mara moja, mara mbili. Nilifumba macho. Nikaanza kuhesabu, kama kwenye pikapu. Nne. Sita. Tisa. Kumi na mbili. Nilipofika ishirini nilijua, nikainamisha paji la uso kwenye gome.

"Ma," kikasema kitu nyuma yangu. Kama mlango wenye kutu. "Ma-ra-haba."

Sikuweza kugeuka.

"Msomi." Alivuta pumzi, na ndani ya pumzi ile niliusikia ule mluzi mbovu wa pumu, umerudi, na sijawahi kusikia kinanda kitamu kama hicho. "Huko juu unahangaika na maiti. Shuka. Shuka chini. Kwenye udongo."

Nikafukua kwa vidole kwenye kitako cha shina, chini ya udongo nilioumwagilia siku ile. Nikakwaruza. Kijani. Kijani mbichi kabisa, inayotoa maji. Miche ya kubebesha ikifa juu, chini inatoa limau. Lakini Jalala halikubebeshwa na mtu, liliota kwenye maganda lenyewe. Likichipua kutoka kwenye mizizi, litachipua Jalala.

"Umekuta?" akauliza.

"Nimekuta."

"Sasa unalia nini? Lilia kwenye shina, angalau limwagiliwe."

Chiriku alikuwa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Sitaeleza kelele alizopiga. Alimwamkia bibi yake mara zisizo na idadi, mfululizo, na bibi aliitikia tano za kwanza kisha akasema mke mwenza ananichosha.

Hajarudi wote. Mkono wa kulia unatetemeka, kisu amenipa mimi, na kila nikibebesha anakaa pembeni kunieleza ninavyoharibu. Baadhi ya siku ananiuliza mume wake, babu yake Chiriku, amekwenda wapi, na huyo alikufa kabla sijaolewa. Chipukizi la Jalala sasa linanifika gotini. Nailoni nimeichoma. Majiko yote yanakaa nje, mvua ije isije.

Ila hofu haijatoka. Alfajiri naamka, naingia chumbani kwao bila viatu, nainama upande wake wa kitanda, naweka kiganja mbele ya pua, nahesabu. Juzi nilikuwa nimefika tatu.

"Msomi," akasema, macho yamefumba. "Toa huo mkono. Unanizibia hewa."